Paka Wawili wa Tumbo Moja

Ndugu msomaji, labda utacheka ukiona karani wa parokia anaandika habari za paka gazetini, na huku habari kubwa za dunia zi tele. Hata mama watoto alicheka aliponiona nimekaa na karatasi usiku. Lakini nivumilie mpaka mwisho. Habari hii ni ya paka wawili, tena ni ya mtoto mmoja, na kosa lililomo ni langu mwenyewe wala si la mwingine. Katika vijiji vyetu vya Mpanda ni nyumba ngapi zisizo na paka? Basi naona yakuhusu wewe pia.

Kwanza nikujulishe hali yangu. Nina miaka 30 na kidogo. Nilisoma chuo cha ualimu, na huko tulifundishwa kwamba mwalimu mwema humtazama kila mtoto peke yake, maana hata mapacha hawafanani: mmoja ataka kuonywa kwa sauti, mwenziwe ataka kuvutwa kwa upole. Swali hilo lilikuja katika mtihani, nami nikalijibu vizuri sana. Nilipokuwa nikingoja kupangiwa shule, Baba Paroko akaniita nimsaidie ofisini siku chache, na siku hizo chache zimekuwa miaka. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu, kupokea barua, na kuhesabu zaka.

Kijiji chetu kiko kusini ya mji wa Mpanda, upande wa Sitalike, si mbali na misitu inayoshikana na Hifadhi ya Katavi. Wewe uliye mkulima wayajua mambo ya huku. Mahindi yakiisha kuvunwa, na moto wa kiangazi ukipita katika nyasi, panya wa porini huona afadhali wahamie kwetu. Hula mahindi ghalani, hutoboa magunia ya karanga, hata sabuni hawaiachi. Mwaka mmoja waliingia ofisini. Akaja mzee mmoja kutafuta mwaka wake wa kuzaliwa, maana hana karatasi nyingine ila ubatizo wake. Nikafungua kitabu cha zamani, nikaona pembe ya ukurasa imeliwa, na mwaka wa mzee umo tumboni mwa panya. Mzee yule alinitazama tu. Sikuwa na neno la kumwambia.

Jioni ile nikaenda kwa bibi mmoja wa jumuiya yetu ambaye paka wake alikuwa amezaa. Akanipa watoto wawili wa tumbo moja, wote madume, wa miezi miwili, rangi ya majivu na michirizi myeusi, wamefanana kama punje mbili za karanga katika ganda moja. Mmoja nikampeleka ofisini, na Baba Paroko akamwita Karani Mdogo. Wa pili nikamleta nyumbani alinde ghala, na binti yangu akamwita Askari.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, nami nililifanya kwa moyo mweupe. Nilisema: hawa ni ndugu, nitawatendea sawasawa, asiwepo wa kunung'unika. Kila jioni kila mmoja alipata tonge la ugali lililochovywa katika mchuzi, na maziwa kidogo yakiwapo. Maji sikuweka, maana nilidhani paka hujitafutia. Dawa sikununua. Bwana mifugo alipokuja kijijini kuchanja mbwa kichaa, nilimpeleka mbwa wetu. Akaniuliza, “Na paka je, unao?” Nikacheka, nikamjibu, “Bwana, paka naye huchanjwa? Paka hajui hata kubweka.” Watu waliokuwapo wakacheka pamoja nami. Yeye hakucheka.

Basi ukapita mwaka na nusu. Askari akawa paka mzuri wa kutazamwa. Manyoya yaling'aa, shingo ilikuwa nene, na kila asubuhi alituwekea panya mlangoni kama mtu anayeleta kodi. Karani Mdogo alikuwa kinyume chake. Panya wa ofisini aliwamaliza katika miezi miwili ya kwanza, na hapo ndipo nilipoanza kumsifu kwa wageni. Kisha tabia yake ikaharibika. Alikojolea bahasha. Alichana pazia la Baba Paroko. Mgeni akikaa kwenye benchi, yeye huchomoka chini yake na kumparura miguu. Manyoya yakawa makavu kama nyasi za Septemba. Tena jioni, giza likianza kuingia, nilimwona akigonga mguu wa meza kama mlevi, nikadhani ni uvivu. Jumamosi mchana nilifunga ofisi na kumwacha ndani mpaka Jumatatu asubuhi. Mara moja nilikwenda matangani Inyonga, nikakaa siku 3, na niliporudi nikamkuta analamba ukuta penye unyevu wa mvua. Hata hapo sikushtuka. Nilichukua fimbo nikamchapa kwa sababu ya uchafu, nikamwambia, “Mtazame ndugu yako Askari!”

Waona, ndugu msomaji? Mtu aliyejibu vizuri katika mtihani.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Askari alikuwa na desturi ya kupotea usiku 2 au 3 na kurudi na makovu. Huku kwetu porini wako paka pori, wenye miguu mirefu na rangi kama ya Askari mwenyewe, hata usiku huwezi kuwatofautisha. Nao si wageni kwa paka wetu. Mwaka 2007 wataalamu waliochunguza damu ya uzazi ya paka wa nchi nyingi walitoa habari kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na jamii hiyohiyo ya paka pori, ya upande wa Mashariki ya Kati. Na katika kisiwa cha Kipro, kile alichopita Mtume Paulo, limefukuliwa kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, mtu amezikwa na paka ubavuni pake. Kwa hiyo Askari akienda porini huenda kwa wajomba zake, na kama ujuavyo, kwa wajomba kuna furaha na kuna ugomvi.

Safari hiyo alirudi na jeraha karibu na mkia. Nikasema, “Dume halikosi kovu,” nikaenda zangu kazini. Siku ya nne pale mahali pakavimba. Binti yangu, ambaye alikuwa na miaka 6, hakujua. Alirudi kutoka shule, akamwona rafiki yake amelala kivulini chini ya ghala, akambeba kama alivyombeba siku zote. Mkono wake ukagusa uvimbe. Askari akageuka na kumwuma katika kiganja, meno yakazama, kisha akakimbilia chini ya ghala.

Nilisikia kilio nikiwa njiani. Nilipofika, majirani walikuwa wamekwisha kuja na ushauri wao. Mmoja alisema tupake majivu, mwingine pilipili. Vijana wawili walikuwa na marungu wakimtafuta paka wamwue. Mama watoto alikuwa amemshika mtoto, akaniuliza kwa sauti ndogo sana, “Baba, paka huyu amechanjwa?”

Ndugu yangu, nilisikia kile kicheko changu cha siku ya chanjo kana kwamba mtu mwingine anacheka nyuma yangu.

Mama watoto ndiye aliyekuwa na akili siku ile. Alikuwa amesikia kliniki kwamba jeraha la kuumwa na mnyama huoshwa mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 zote, bila kukata tamaa hata mtoto akilia. Tukaosha. Hatukupaka majivu wala pilipili, wala hatukufunga jeraha. Kisha nikampakia mtoto kwenye bodaboda, tukaenda Mpanda.

Daktari alimtazama mtoto, akaniuliza maswali, na la kwanza lilikuwa hili: “Paka wenu ni wa ndani au wa nje?” Nilishangaa. Nilidhani ataniuliza rangi yake au umri wake. Nikamwambia ni wa nje, hutoka usiku, hana chanjo, naye ana jeraha alilolipata porini. Akatikisa kichwa, akaandika. Akanieleza kwamba wengi wanaougua kichaa cha mbwa huupata kwa mbwa, lakini paka naye huupata akiumwa na mnyama mwenye ugonjwa, na humpa mtu kwa mate yake. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Bali kabla ya dalili, chanjo humwokoa. Ndivyo alivyookoka Joseph Meister, kijana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa kichaa, ambaye Louis Pasteur alianza kumchanja tarehe 6 Julai 1885. Mwaka huohuo Mapadre Weupe walipokea kituo cha Karema, hapa kwetu kando ya Ziwa Tanganyika. Basi dawa hiyo ni ya zamani kama misheni zetu, nami, mtu wa kalamu, niliishi kana kwamba haijavumbuliwa.

Mtoto akachomwa sindano ya kwanza siku ileile. Nyingine zikapangwa siku ya 3, siku ya 7, na nyingine baadaye. Kisha daktari akauliza, “Na paka yuko wapi?” Nikamwambia huenda vijana wamekwisha kumwua. Akasimama. “Piga simu sasa hivi. Msimwue. Ugonjwa huu waweza kukaa mwilini mwa mnyama wiki nyingi bila kuonekana. Lakini ukifika katika mate, mnyama mwenyewe huugua na kufa upesi. Mkamateni bila kumgusa kwa mikono mitupu, mfungieni, mpeni chakula na maji, mtazameni siku 10. Zikipita siku 10 naye ni mzima, basi siku aliyouma mate yake yalikuwa salama, na sindano zilizobaki hatutazihitaji. Akiugua au akifa, niletee habari saa ileile.”

Nikapiga simu. Mama watoto alikuwa amesimama mbele ya ghala mikono kiunoni, mja mzito wa miezi 5, na vijana wale na marungu yao walishindwa kupita. Usiku tukatega tenga kubwa la kuku na dagaa ndani yake. Askari akaingia. Tukamfunika gunia, tukampeleka katika jiko letu la zamani lenye dirisha la wavu, tukafunga mlango.

Sasa sikiliza habari za siku 10 hizo, maana ndizo zilizonifundisha kuliko chuo.

Usiku wa kwanza Askari alilia mpaka alfajiri. Alichakura mlango, akaruka dirishani, akaanguka, akaruka tena. Hakula. Maji aliyapindua. Siku ya pili bwana mifugo akaja, yuleyule niliyemcheka, wala hakunikumbusha neno. Alivaa glovu nene, akamfunga Askari katika gunia, akapasua jipu, akasafisha na kumchoma sindano ya dawa. Akasema, “Paka yeyote mwenye jipu akiguswa ataumana. Huenda ni hilo tu. Lakini ‘huenda’ haitoshi kwa mtoto. Tungoje.” Nikamwuliza kama nimpe Askari nusu ya kidonge cha maumivu tulichopewa kwa ajili ya mtoto. Akanishika mkono. Kumbe vidonge hivyo vya watu ni sumu kwa paka, hata kidogo huua. Vivyo hivyo dawa ya kuogeshea ng'ombe na mbwa: wengi wetu humpaka paka kwa ajili ya viroboto, kisha tukimkuta amekufa twasema amerogwa.

Siku ya tatu nikaona uchafu umejaa pembeni. Nikaleta sanduku la mbao, nikatia mchanga, na Askari akalitumia mara moja bila kufundishwa na mtu. Nikabadili maji asubuhi na jioni, akaanza kunywa. Nikaona anakwaruza mlango, nikamletea gogo la mti lenye gome, akahamia kwenye gogo. Nikapigilia ubao juu karibu na dirisha, nikatandika gunia, akapanda akakaa akitazama kuku nje, na usiku ule hakulia. Ugali aliuacha, dagaa akala.

Siku ya nne, nikiwa nimechutama pale dirishani namtazama, neno likanijia ghafula. Nilikuwa nimemtengenezea mfungwa wa siku 4 choo, maji, kitanda, gogo na kitoweo. Karani Mdogo, je? Yeye amefungwa mwaka na nusu, wala hakuuma mtu. Hana choo, kwa hiyo anajisaidia kwenye bahasha. Hana gogo, anachana pazia. Hana panya tena wa kukimbiza, anakimbiza miguu ya wageni. Na mimi nilimchapa.

Nikaenda kumchukua, nikamleta kwa bwana mifugo. Akamtazama macho kwa tochi, akanyamaza kidogo. Akasema mbwa aweza kuishi kwa ugali na mabaki, lakini paka hawezi. Katika nyama na samaki mna kitu ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Akikikosa miezi mingi, macho hufifia polepole mpaka upofu, na moyo hudhoofu. Askari alikipata katika panya wake kila usiku, ndiyo maana tonge langu la ugali halikumdhuru. Karani Mdogo alikipata mpaka panya wa ofisini walipokwisha, na tangu hapo alilitegemea tonge langu peke yake. Yaani sifa yake ya kumaliza panya ndiyo iliyompofusha, kwa kuwa mimi sikujua kuhesabu.

Basi, ndugu msomaji, nikupe niliyojifunza, nawe uyapime kwa paka wako.

Paka uliyemfungia ndani, wewe ndiwe uliyemnyima pori, kwa hiyo wadaiwa na yeye yote aliyoyaacha huko. Mpe maji safi kila siku. Mpe kitoweo kila siku: dagaa wasio na chumvi, ambao kwetu hutoka Ikola na Karema, au matumbo ya kuku, au vipande vya nyama. Ugali uwe wa kuongeza tu. Maziwa si lazima, tena paka wazima wengi huwaharisha. Mpe sanduku la mchanga na uliondolee uchafu kila siku. Mpe gogo la kukwaruza na mahali pa juu pa kukaa, na umchezeshe kidogo kwa kamba jioni, maana mwindaji asiye na windo huharibika tabia. Ukisafiri, mwache mikononi mwa mtu. Na chanjo apate pia, kwa sababu mlango hufunguliwa na watoto.

Paka wa nje hakudai mambo hayo mengi, lakini chochote anachokutana nacho huko aweza kukuletea nyumbani. Huyu ndiye wa kuchanjwa kwanza, akifika miezi 3, na tena kila mwaka. Siku bwana mifugo anapokuja kuchanja mbwa, mtie paka katika tenga umpeleke, hata watu wakicheka. Mpe dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3 hivi, maana panya humpa minyoo. Dume ahasiwe, naye atapunguza kutembea na kupigana; jike afungwe uzazi, ama sivyo atazaa kila baada ya miezi michache, na watoto wasiotakiwa watatupwa njiani wawe paka shume. Kila jioni mwite ale kidogo nyumbani. Akizoea kuja, utamwona, na ukimwona utajua kama ana jeraha. Mimi nilimwona Askari na jeraha siku 4, lakini sikumtazama. Tena usitege sumu ya panya mahali paka anapowinda. Jirani yangu mmoja aliua panya wake na paka wake katika wiki moja, kwa sababu panya aliyekula sumu hutembea polepole na paka humkamata kwa urahisi. Wiki ya pili panya walirudi, paka hakurudi.

Liko neno moja la paka wote wawili, nalo ni la akina mama wajawazito. Katika kinyesi cha paka anayekula panya na nyama mbichi huweza kuwamo kidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho chaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kidudu hicho huchukua siku moja au zaidi kabla hakijawa na nguvu ya kuambukiza, ndiyo sababu uchafu uondolewe kila siku. Mama mjamzito asisafishe sanduku la paka. Afanye baba. Akilima bustani aoshe mikono kwa sabuni, na mboga zioshwe vizuri. Tangu hapo sanduku la paka ni kazi yangu, na aliyetaka kunicheka amekwisha kucheka.

Nirudi kwa Askari. Kila alfajiri nilikwenda dirishani kabla sijafungua ofisi. Siku ya 5 alikula vizuri. Siku ya 7 mtoto akachomwa sindano ya tatu, naye hakulia, alinishika kidole tu. Usiku wa siku ya 8 Askari alitapika, nami sikulala. Nilikaa nje ya jiko lile na tochi mpaka kulipopambazuka, nikafanya hesabu za mambo mengi ya maisha yangu. Asubuhi tukaona ni manyoya yake mwenyewe aliyoyalamba. Siku ya 9 alikuwa mzima. Siku ya 10 nikaita bwana mifugo, akamtazama anavyotembea, anavyokula, anavyomeza maji. Akasema, “Haya, fungua.”

Nikafungua. Askari akasimama kizingitini, akajinyoosha, akatoka taratibu kana kwamba hapakuwa na neno. Mtoto alitaka kumkimbilia, nikamshika bega, nikamwambia, “Mtazame kwanza anavyotembea, ndipo umshike.” Daktari akatuambia sindano zilizobaki hazina haja. Fedha nilizotumia kwa safari na dawa zilifika bei ya mbuzi mzuri, na chanjo ya paka niliyoikataa ilikuwa imeletwa mpaka mlangoni kwangu. Bwana mifugo akamchanja Askari, akatuagiza tuendelee kumwangalia miezi kadhaa, kwa sababu hakuna aliyejua ni mnyama gani aliyemjeruhi. Imepita salama. Wote wawili wamehasiwa na mganga wa mifugo mjini, na vyeti vyao vya chanjo navitunza katika faili pamoja na vyeti vya watoto.

Karani Mdogo yu ofisini hata sasa. Manyoya yake yamerudi kung'aa, ana sanduku lake, gogo lake, na ubao wake dirishani, wala hajamparura mgeni tena. Lakini macho hayakurudi. Bwana mifugo alisema kilichokwisha kufa katika jicho hakifufuki, ila hakitazidi. Mchana huona kidogo, jioni haoni. Watu wengine huniambia, “Mwachie atoke nje naye afurahi kama ndugu yake.” Siwezi. Zamani pengine angaliweza kuwa paka wa nje. Sasa kwa ajili yangu hawezi tena, mbwa wa kwanza angemmaliza. Wazee walisema paka wa nyumba haingwa, nami nimejua maana yake kwa njia ndefu.

Kila asubuhi nikifungua ofisi humkuta amekaa mlangoni akisikiliza ufunguo. Nambadilishia maji, naondoa mchanga mchafu, namwekea dagaa wake, kisha nafungua vitabu. Juzi yule mzee aliyeliwa mwaka wake alipita. Tumeupata kutoka katika kitabu cha ndoa yake, kwa kuwa padre wa zamani alikuwa ameuandika pembeni. Akakaa kwenye benchi, Karani Mdogo akamnusa viatu, akampandia mapajani. Mzee akaniuliza, “Huyu haoni?” Nikamwambia, “Haoni vizuri, mzee.” Akasema, “Basi mlete karibu na jua.” Tukasogeza benchi.

Ndugu msomaji, nakuachia hapa. Leo jioni, kabla hujafunga mlango, mtafute paka wako, umtazame anavyotembea.